Gofu, Ganjo na Mahame: Hoja juu ya Upimaji wa Mambo ya Kale katika Rufiji

Lugha ya Kiswahili ina maneno matatu ya kutaja mahali palipoachwa na watu. Gofu ni jengo lililobaki kuta, bila ya paa wala wakazi. Ganjo ni mahali ulipokuwapo mji, na mji wenyewe haupo tena. Mahame ni kijiji kilichohamwa. Miembe na minazi imesimama, lakini jiko halifuki moshi. Maneno hayo hayakuzuka kwa bahati. Watu walioijenga lugha hii waliona ya kuwa makao ya binadamu hufa kwa namna nyingi, na ya kuwa kila namna ya kufa huacha alama yake. Ajabu ni kuwa wapimaji wa mambo ya kale walioizunguka pwani hii walilichukua neno moja tu katika hayo matatu, wakayaacha mawili. Walilichukua gofu. Kosa hilo dogo la msamiati limezaa kosa kubwa la elimu, na pahali lilipoleta hasara iliyo dhahiri kabisa ni milango ya Mto Rufiji na nchi ya Kibiti iliyo juu yake.

Mto Rufiji ukiikaribia Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia, huiacha njia moja ukafuata njia nyingi. Matawi yake yamezungukwa na mikoko iliyoenea zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Hapo wanakaa watu wa Salale, Msala, Mbuchi, Mbwera na vijiji vingine, wavuvi na wakulima wa mpunga, ambao hupanga safari zao kwa saa za maji kupwa na kujaa. Nchi inapoinuka kuelekea bara ndipo ilipo Kibiti, ambayo katika miaka ya 2010 ilimegwa kutoka wilaya ya Rufiji ikawa wilaya peke yake, na sehemu kubwa ya delta ikaingia chini yake.

Nchi hii ni ya udongo, mchanga na matope. Matumbawe, yaani jiwe lililoijenga Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Kua ya Mafia, hayachimbwi katika matope ya mto. Basi watu walijenga kwa kile walichopewa na nchi yao: miti, fito, udongo na makuti. Katika mabonde ya mpunga walijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili maji ya mafuriko yapite chini na mwenye shamba ayalinde mazao yake akiwa juu. Dungu likiachwa halibaki gofu. Nguzo huoza, sakafu huanguka, na kinachosalia ni mashimo ya nguzo, majivu, vigae na mifupa ya samaki. Hayo ndiyo magofu ya Rufiji, na asiyejua kuyaona huyakanyaga kwa viatu vyake, kisha akaandika ya kuwa nchi ni tupu.

Haifai kuwadhulumu waliotangulia. James Kirkman alianza kuchimba Gedi, katika pwani ya Kenya, mwaka wa 1948, akautoa mji mzima katika msitu. Neville Chittick alikuja Tanganyika mwaka wa 1957 kuwa mhifadhi wa mambo ya kale, akachimba Kisimani Mafia na Kilwa, na kitabu chake kikubwa juu ya Kilwa kilichotoka mwaka wa 1974 hakijapoteza thamani. Peter Garlake aliyapima majengo ya mawe ya pwani nzima, milango na mihirabu yake, akatoa kitabu mwaka wa 1966. Kazi zao ni hazina. Walakini kila hazina ina kufuli lake, na kufuli la hazina hii ni jiwe. Mpimaji alikwenda palipo na ukuta. Palipokosekana ukuta hakushuka chomboni, au alishuka kunywa maji akaendelea. Mortimer Wheeler, bingwa wa Kiingereza aliyeizuru pwani hii mwaka wa 1955, alistaajabia wingi wa vigae vya Kichina alivyoviona kati ya Dar es Salaam na Kilwa. Katikati ya miji hiyo miwili ipo Rufiji. Kigae cha kutoka China kilimfanya mgeni astaajabu. Kigae cha chungu kilichofinyangwa na mwanamke wa Rufiji hakikuwa na wa kukistaajabia.

Upendeleo huo wa jiwe haukuwa wa macho peke yake. Nyuma yake ilikuwapo imani. Katika siku hizo wataalamu wengi waliamini ya kuwa miji ya pwani ililetwa na wahamiaji kutoka ng'ambo ya bahari, na ya kuwa ukuta wa mawe ni alama ya kufika kwao. Kwa hesabu hiyo palipo na mawe pana ustaarabu, na pasipo na mawe pana watu waliokuwa wakiungoja. Imani hiyo imekwisha kuvunjwa, tena imevunjwa na jembe la mchimbaji. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyojengwa kwa miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8. Jeffrey Fleisher alipoipima Pemba ya kaskazini karibu na mwaka wa 2000, kwa kutembea mashambani na kuchimba vishimo vidogo kwa mpango, alikuta vijiji vingi vya udongo ambavyo hakuna gofu lililovitangaza. Hata Songo Mnara, mji unaosifiwa kwa mawe yake, uchunguzi ulioanza mwaka wa 2009 umeonyesha nyumba za udongo katika viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu. Kwa maneno mengine, hata gofu lina ganjo chini yake na kando yake. Jiwe ni ukurasa wa mwisho wa kitabu. Anayeusoma huo peke yake hana haki ya kusema amekisoma kitabu.

Iko hoja nyingine, na hiyo hupuuzwa zaidi. Chumba cha nyumba ya mawe ya pwani, iwe Kilwa, iwe Lamu, iwe Unguja, ni kirefu lakini si kipana. Sababu yake inajulikana kwa kila fundi: upana wa chumba hauwezi kuushinda urefu wa boriti inayolibeba dari. Boriti ni mti wa mkoko, na kwa karne nyingi mikoko ya Rufiji ilikatwa, ikapakiwa majahazini, ikapelekwa Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo ni ya kuwakejeli wenye miti, lakini hapa inafaa isomwe kwa makini zaidi. Wajenzi walikuwa pengine, na kipimo cha majengo yao kilitoka penye miti. Aliyesimama katika gofu akaupima upana wa chumba, akaandika tarakimu, asijiulize mti ulikatwa wapi, na nani, na mkataji alilala katika nyumba ya namna gani, huyo ameipima nusu ya nyumba. Nusu ya pili iko Rufiji, nayo haijapimwa.

Tena Rufiji imekwisha kutoa ushahidi wake, kila ilipoulizwa kwa adabu. Katika miaka ya 1990 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichunguza nchi ya Rufiji na Kibiti. Hakutafuta kuta, alitafuta vyungu vya zama za mwanzo za ufuaji wa chuma. Katika Mkukutu, kilima kilicho katika nchi ya Kibiti, alichimba akapata shanga za kioo pamoja na vyungu hivyo, na mwaka wa 1999 akatangaza ya kuwa shanga hizo ni za Kirumi, na ya kuwa zinaiunga pwani hii na biashara iliyoelezwa katika Periplus, kitabu cha safari za bahari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Watu wanaweza kushindana juu ya tafsiri, na wanashindana. Jambo lisiloshindaniwa ni njia iliyotumiwa. Hapakuwa na ukuta Mkukutu. Hapakuwa na nguzo, wala mihirabu, wala kaburi lenye mnara. Palikuwa na kilima, vigae na mtu aliyeinama. Kama angengoja gofu, shanga hizo zingalikuwa bado chini ya mizizi.

Basi lingetazamiwa jambo gani baada ya ugunduzi huo? Lingetazamiwa ya kuwa watu wangeyafuata mahame ya Kibiti moja moja, kilima kwa kilima, mpaka nchi yote iandikwe. Badala yake wengi waliikimbilia ndoto. Ndoto hiyo huitwa Rhapta.

Rhapta ni soko la mwisho la pwani ya Azania lililotajwa katika Periplus, na katika karne iliyofuata Ptolemy akalitaja kuwa mji mkuu ulio mbali kidogo na bahari. Watu wameliweka Pangani, wameliweka karibu na Dar es Salaam, wameliweka Tana, na wengi wameliweka Rufiji. Mwaka wa 2016 zilienea habari za mistari kama kuta iliyoonekana chini ya maji karibu na Mafia, na mara moja watu wakatamka ya kuwa mji umepatikana, ilhali wengine walisema ya kuwa hayo ni mawe yaliyojengwa na bahari yenyewe. Hapo mtu huiona nguvu ya uchawi wa jiwe. Mstari ulionyooka chini ya maji ulisambaa duniani katika siku chache. Shanga zilizochimbwa kwa kipimo katika kilima cha Kibiti zilibaki katika maktaba za wataalamu.

Ajabu ya pili ni kuwa wanaoitafuta Rhapta kwa kuta hawakukisoma vyema kitabu kilichowatuma. Periplus yasema ya kuwa jina la soko hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Yasema ya kuwa palikuwa na pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya kasa. Yataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo vilivyoletwa na wageni. Yataja watu wa maumbile makubwa na wakubwa wao. Kuta haizitaji. Soko lililopewa jina kwa kamba iliyoshona mbao linatafutwa kwa jiwe! Kama Rhapta ilikuwa Rufiji, basi yaliyobaki yake ni mahame: mashimo ya nguzo, majaa ya makombe, mavi ya chuma, na labda shanga. Na kama haikuwa Rufiji, mahame hayo yapo vilevile, na watu walioishi humo walistahili kujulikana bila ya kuombewa cheti na Mgiriki. Nchi haihitaji kutajwa na msafiri wa karne ya 1 ili iwe na historia. Wazalendo wanaoitaka Rhapta iwe yao, kwa kuona fahari, hawana tofauti kubwa na wageni walioutaka ukuta uwe wao. Wote wawili wanaitazama Rufiji na kutafuta ndani yake kitu cha mtu mwingine.

Mfano wa kitu cha mtu mwingine haupo mbali. Gofu lililoandikiwa vitabu vingi kuliko yote katika delta ni la chuma. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika matawi ya Rufiji mwaka wa 1914, ikazamishwa tarehe 11 Julai, 1915, kabla ya kutimiza mwaka humo. Mizinga yake kumi imehesabiwa na kufuatwa. Mmoja uko Mombasa katika Ngome ya Yesu, mwingine uko Pretoria. Ni haki vita hivyo vikumbukwe. Lakini na itazamwe mizani hiyo. Chombo kilichokaa katika delta kwa miezi kinajulikana mzinga kwa mzinga. Watu waliokaa humo kwa mamia ya miaka, ambao baadhi ya vizazi vyao waliibeba mizigo ya vita hivyo, hawana hata orodha ya vijiji vyao vilivyohamwa.

Wako watakaojibu kwa udhuru tatu, na kila udhuru wastahili jibu lake.

Wa kwanza ni kuwa Rufiji ni mbali na njia zake ni ngumu. Mbali na wapi? Neno hilo halina maana mpaka msemaji aseme amesimama wapi. Daraja la Mkapa limeuvuka mto tangu mwaka wa 2003, na barabara kuu ya kusini yapita Kibiti penyewe. Ndani ya delta njia ni maji, na maji hayo yana wenyewe wanaoyajua. Mtu wa Mbwera haoni ya kuwa amekaa mbali; huona ya kuwa Dar es Salaam ndiyo iliyo mbali. Ugumu wa kweli ni wa mgeni asiyejua bamvua ni siku gani, akaingia na mtumbwi katika kijito wakati maji yakitoka, akakwama katika matope mpaka usiku. Dawa yake ni kufuatana na anayejua, wala si kuiacha nchi bila ya kupimwa.

Udhuru wa pili ni kuwa ardhi ya delta ni changa, na mto hubadili njia, kwa hiyo yaliyokuwapo yamekwisha kuchukuliwa na maji au kufunikwa na tope. Hapa pana ukweli, na ukweli haufai kukataliwa. Mto umeviondoa vingi. Lakini Mkukutu hakuko katika matope. Ni kilima katika nchi iliyo imara. Ukingo wote ambapo nchi ya juu ya Kibiti hukutana na bonde ni mahali ambapo mtu mwenye akili angejenga, apate maji na mpunga chini, na usalama juu. Ndani ya delta nako yako matuta ya mchanga ambayo wakazi wa leo huyachagua kwa nyumba na makaburi yao, na aliyetangulia hakuwa mjinga kuliko aliyefuata. Tena tope lililofunika ni mlinzi pia, maana kilichofunikwa hakijaporwa.

Udhuru wa tatu ni wa hatari zaidi, kwa sababu umevaa joho la elimu. Husemwa ya kuwa wazee wa vijiji hawawezi kutegemewa. Wanachanganya nyakati, wanatia chumvi, wanapendelea koo zao. Hapana mwanachuoni asiyejua ya kuwa hata nyaraka huchanganya, hutia chumvi na hupendelea. Jibu lililo bora lakini linatoka Rufiji yenyewe. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilianza katika milima ya Matumbi, na Kinjekitile, aliyegawa dawa ya maji, alikuwa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji. Kwa miaka mingi vita hivyo vilijulikana kwa maandishi ya Wajerumani. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee, na Gilbert Gwassa alifanya kazi hiyo hiyo kwa kina katika nchi ya Matumbi na Rufiji. Historia ya vita hivyo ikageuka kabisa. Walioitwa washenzi waliorukwa na akili wakaonekana kuwa watu wenye sababu, mpango na viongozi. Ikiwa wazee wa Rufiji waliaminika kuieleza vita, wataaminika kuonyesha mahali kilipokuwa kijiji.

Basi upimaji uende namna gani? Uanze na mahame mapya, kisha urudi nyuma. Mafuriko ya mwaka 1968 yalifuatwa na Operesheni Rufiji, ambayo kwayo watu wa bondeni walihamishiwa nchi ya juu. Vijiji vilivyoachwa wakati huo ni mahame ambayo waliozaliwa humo bado wako hai. Na waende huko pamoja nao. Wataonyesha mahali palipokuwa na jiko, na dungu, na kaburi, na mwembe wa kugawania mirathi. Mpimaji atajifunza hapo nyumba ya miti na udongo inakuwaje ikishapita nusu karne: udongo wake unabadilika rangi gani, vigae vyake vinatawanyikaje, miti gani huota juu yake. Akishahitimu darasa hilo, macho yake yatakuwa yameiva kuyatambua mahame ya miaka 500, na ya miaka 1,500. Hapo ndipo atembee kwa mistari, hatua kwa hatua, akiokota na kuandika. Achimbe vishimo vya majaribio. Atumie vyombo vya kisasa vya kupima mahali kwa satelaiti. Ayaandike majina ya vijito na vilima kama yanavyotamkwa na wenyeji, maana jina ni kigae kisichooza. Chombo cha kisasa humweleza mtu amesimama wapi. Hakimwelezi amesimama juu ya nini.

Sheria haiwezi kulaumiwa katika jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikulinda kuta tu. Kitu chochote kilichofanywa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863 kimo chini ya ulinzi wake, na kigae cha chungu ni kitu kilichofanywa kwa mkono. Sheria iliona mbali kuliko wapimaji. Walakini sheria hulinda kinachojulikana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1981. Zilipotajwa mwaka wa 2004 kuwa zimo hatarini, mafundi na fedha vilipatikana, na mwaka wa 2014 zikaondolewa katika orodha ya hatari. Hiyo ni faida ya kuandikwa. Ganjo lisiloandikwa likifa halimo hatarini, kwa kuwa halimo popote.

Na muda haungoji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba, 2022. Taifa linahitaji umeme, na hoja hii haina ugomvi na bwawa. Lakini kila bwawa huzuia sehemu ya mchanga na tope ambavyo mto ulikuwa ukivishusha, na delta inayonyimwa tope huwa rahisi kuliwa na bahari. Mwezi wa Aprili, 2024, mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na kuwatoa watu makwao. Bila ya shaka yalizaa mahame mengine. Mto huu una kalamu katika mkono mmoja na kifutio katika mkono wa pili, na wazee waliojua kusoma ulichokiandika wanapungua kila mwaka.

Limesalia jambo moja, nalo linawahusu wanafunzi na wanachuo wa lugha hii. Habari ya shanga za Mkukutu ilitolewa kwa Kiingereza, katika jarida la ng'ambo. Hiyo ni desturi ya elimu ya dunia, wala si kosa la mtu mmoja. Lakini mtoto anayesoma Kibiti, ambaye pengine hupita chini ya kilima hicho akienda shuleni, ana haki ya kuisoma habari hiyo kwa lugha anayoitumia kumwuliza bibi yake. Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. Kina gofu, kina ganjo, kina mahame. Kina jaa, kigae, tanuri na mavi ya chuma. Kina majina ya kila namna ya mkoko, mkandaa, msinzi, mchu na mkomafi. Lugha iliyozitofautisha namna tatu za kufa kwa makao haihitaji kufundishwa akiolojia. Inahitaji kutumiwa.

Wanafunzi wa mwaka 1968 walikwenda vijijini na madaftari, wakairudisha vita nzima mikononi mwa wenyewe. Wa leo wanayo madaftari, na vyombo ambavyo wale hawakuviota. Nyamisati pana bandari; mashua hushuka humo zikipita milango ya mto kwenda Mafia. Abiria wengi huyatazama mikoko na kuona ukiwa. Iko kazi kwa yule atakayeshuka chomboni kabla ya Mafia, akamwamkia mzee wa kijiji, akamwomba amwonyeshe mahali watu walipokuwa wakikaa zamani, kisha akainama.